Watoto wawili wa Titanic waliotoroshwa na baba yao

Ndoa ikivunjika, swali la kwanza wanalouliza ndugu na majirani ni nani atabaki na watoto. Swali hilo si la leo na si la nchi moja. Mwaka 1912 lilimfikisha fundi cherehani mmoja kutoka Ufaransa ndani ya meli kubwa kuliko zote duniani, akiwa na wanawe wawili, tiketi za daraja la pili na jina lisilo lake. Meli yenyewe iliitwa Titanic.

Wengi wanaijua Titanic kwa filamu ya mwaka 1997 na mapenzi ya vijana wawili. Kisa cha mafundi, wahudumu, wahamiaji na watoto waliokuwamo ndani yake husimuliwa mara chache zaidi. Hiki cha watoto wawili wa fundi cherehani kinajulikana vizuri kwa sababu mkubwa wao aliishi hadi mwaka 2001, na uzeeni alisimulia alichokumbuka. Mzazi yeyote aliyewahi kugombania mtoto, au anayemjua aliyegombania, atakielewa bila kufafanuliwa sana.

Ndoa yenye nyufa

Baba aliitwa Michel Navratil. Alizaliwa mwaka 1880 katika eneo ambalo leo ni nchi ya Slovakia, akahamia Ufaransa na kufanya kazi ya ushonaji katika mji wa Nice, kusini, kando ya bahari ya Mediterania. Mkewe, Marcelle Caretto, alikuwa na asili ya Italia. Walifunga ndoa London mwaka 1907.

Mungu akawajalia watoto wawili wa kiume. Wa kwanza, aliyepewa jina la baba yake, Michel, alizaliwa Juni 1908. Nyumbani walimwita Lolo. Wa pili, Edmond, alizaliwa Machi 1910, na jina lake la nyumbani lilikuwa Momon.

Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1912 nyumba ilikuwa imeshaharibika. Biashara ya ushonaji ilikuwa na matatizo, na mume alidai kwamba mkewe ana mtu mwingine. Wakatengana, watoto wakabaki upande wa mama. Ilipofika Pasaka, ambayo mwaka ule iliangukia Aprili 7, baba aliruhusiwa kukaa na wanawe kwa sikukuu.

Mama alipofuata watoto wake baada ya sikukuu, hakuwakuta. Baba hakuwapo, watoto hawakuwapo, na hakuna aliyeachiwa ujumbe.

Mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba anatoroshwa. Anachojua ni kwamba leo yuko na baba, wamepanda treni, na baba anacheka naye. Watu wazima ndio wanaojua kwamba kila kituo kinachopita kinamweka mbali na mama yake.

Jina la uongo

Navratil alipita na watoto Monte Carlo, kisha wakafika London. Alinunua tiketi za daraja la pili kwenda New York kwa jina la Hoffman. Zama zile msafiri wa kawaida aliweza kuvuka mipaka mingi ya Ulaya na kwenda Marekani bila pasipoti. Ofisi ya tiketi haikumuuliza hati ya kuzaliwa ya mtoto wala barua ya mama. Alichosema msafiri ndicho kilichoandikwa.

Kwa hiyo tarehe 10 Aprili 1912, katika bandari ya Southampton, orodha ya abiria ilimtambua Bwana Hoffman na watoto wake. Abiria wenzake walipomuuliza habari za mama wa watoto, aliwaambia kwamba amefiwa na mke.

Jioni ileile meli ilitia nanga Cherbourg, kaskazini mwa Ufaransa, ili kupakia abiria zaidi. Lolo na Momon walikuwa wamerudi kwenye nchi yao kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mama yao alikuwa upande wa pili wa nchi hiyo hiyo akiwatafuta. Meli ikang'oa nanga usiku, ikapita Queenstown, Ireland, siku iliyofuata, kisha ikaelekea katikati ya bahari ya Atlantiki.

Mji unaoelea

Ni vigumu leo kueleza maana ya meli kama ile kwa mtu wa mwaka 1912. Ndege za abiria hazikuwapo. Aliyetaka kutoka Ulaya kwenda Amerika alipanda meli, na safari ilichukua takriban wiki moja. Kampuni za meli zilishindana kwa ukubwa, kasi na starehe. Titanic, mali ya kampuni ya White Star, ilikuwa na urefu wa mita 269, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa kwa urefu. Ilikuwa na bwawa la kuogelea, bafu za mvuke, maktaba na lifti.

Daraja la pili, walikokaa Navratil na wanawe, halikuwa la fahari kubwa, lakini lilikuwa zuri. Abiria wake walikuwa na lifti yao, maktaba yao na sehemu yao ya kupunga upepo kwenye sitaha. Chakula chao kilitoka jiko moja na cha daraja la kwanza. Jioni ya Jumapili, Aprili 14, orodha ya chakula cha daraja la pili ilikuwa na samaki wa kuoka, kuku wa bizari kwa wali, nyama ya mwanakondoo na bata mzinga, kisha vitamu na aiskrimu.

Ndani ya meli kulikuwa na watoto zaidi ya 100. Walikimbizana kwenye sitaha na kucheza michezo yao ya kawaida. Picha moja maarufu, iliyopigwa na Padri Francis Browne aliyeshuka Queenstown, inamwonyesha mvulana wa miaka sita wa daraja la kwanza akicheza pia kwenye sitaha huku watu wazima wakimtazama.

Lolo alikumbuka mambo machache ya safari ile, lakini aliyakumbuka vizuri. Alikumbuka kucheza kwenye sitaha na kushangaa ukubwa wa meli. Alikumbuka asubuhi moja akiwa mezani na baba na mdogo wake wanakula mayai, na bahari ikiwa kubwa mbele yao. Zaidi ya miaka 80 baadaye bado alisema ilikuwa meli ya ajabu.

Baba hakuwaachia watoto wake nafasi kubwa ya kuwa mbali naye. Inajulikana mara moja tu alipomkabidhi mtu mwingine: msichana mmoja kutoka Uswisi, aliyejua Kifaransa, aliwaangalia kwa muda wakati yeye akicheza karata. Muda mwingine wote aliwalinda mwenyewe. Labda aliogopa wasije wakasema majina yao.

Hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe kigumu kukihukumu haraka. Mtu huyu alifanya kosa kubwa dhidi ya mama wa watoto. Wakati huohuo, kwa ushahidi wote uliopo, alikuwa baba anayewapenda wanawe, anayewalisha, anayewavalisha na kucheza nao. Mapenzi yake kwa watoto na kosa lake dhidi ya mama yao vilisafiri pamoja katika chumba kimoja.

Usiku wa Aprili 14

Saa 5:40 usiku Titanic iligonga mwamba wa barafu. Ndani ya meli walikuwamo watu wapatao 2,200. Boti za kuokolea zilikuwa 20, na zote zikijazwa zingechukua watu 1,178. Sheria za Uingereza za wakati ule hazikuitaka meli kubwa kiasi kile ibebe boti za kutosha watu wote, hivyo kampuni haikuwa imevunja sheria yoyote kwa kuwa na boti chache.

Lolo alikumbuka baba yake akiingia chumbani na kumwamsha. Alimvalisha nguo nzito za joto na kumchukua mikononi. Mwanamume mwingine, ambaye mtoto hakumfahamu, alifanya vivyo hivyo kwa Momon. Alipokuwa mzee, Lolo alisema jambo hilo lilimgusa sana kila alipolifikiria, kwa sababu wanaume wale wawili walijua kwamba wao hawatapona, na bado walikaa wakifunga vifungo vya makoti ya watoto.

Walifika kwenye sitaha ya juu boti nyingi zikiwa zimeshaondoka. Iliyobaki ilikuwa boti ya kukunjwa iliyoitwa D, ya mwisho kushushwa majini kwa utaratibu. Mabaharia walishikana mikono kuizunguka ili wapite wanawake na watoto tu. Navratil akawapitisha wanawe. Ilikuwa kama saa 8:05 usiku. Dakika 15 baadaye meli ilizama.

Kabla ya kuachana, baba alimpa Lolo ujumbe. Kwa kumbukumbu ya mtoto mwenyewe, alimwambia kwamba mama yake atakuja kumchukua, na akija amwambie kwamba baba alimpenda sana na bado anampenda. Amwambie pia kwamba alitarajia atawafuata, ili waanze maisha mapya pamoja Amerika.

Kama ujumbe huo ungetumwa kwa barua kutoka Nice, au kusemwa mezani mbele ya wazee wa familia, pengine ungeleta ugomvi mwingine, pengine ungeleta suluhu. Hakuna ajuaye. Ulisemwa mahali ambapo mwenye kuusema hakuweza tena kuusikia ukijibiwa, na aliyekabidhiwa kuubeba alikuwa bado hajatimiza miaka minne.

Tiketi iliyowaokoa

Kwa hesabu ya uchunguzi rasmi wa Uingereza, watoto wote 24 wa daraja la pili waliokolewa. Katika daraja la tatu walikuwa 79, na waliookolewa ni 27. Watoto wa maskini walikuwa mbali zaidi na boti, wazazi wengi hawakujua Kiingereza, na njia za kupanda juu zilikuwa ngumu kwao kuzipata.

Kwa wanaume wa daraja la pili hali ilikuwa kinyume. Kati ya 168, walipona 14 tu. Baba aliyempandisha mtoto wake kwenye boti alijua vizuri kwamba yeye anabaki.

Lolo alipokua alilitambua jambo hilo. Alisema wazi kwamba kama wasingekuwa daraja la pili wangekufa. Hakuona kupona kwake kama tuzo ya wema. Alijua kuna watoto wa umri wake, wenye baba waliowapenda vilevile, ambao hawakufikishwa kwenye boti.

Watoto wasio na jina

Meli ya Carpathia iliwafikia waokolewa alfajiri. Watoto wadogo hawakuweza kupanda ngazi za kamba, hivyo walitiwa ndani ya magunia na kuvutwa juu. Lolo alikumbuka gunia hilo, na alikumbuka kwamba hakupendezwa nalo hata kidogo. Kuhusu boti, hakukumbuka hofu. Alikumbuka raha ya kudondoka ndani yake.

Hapo ndipo jina la uongo lilipoonyesha madhara yake. Watu wazima waliookolewa waliandikwa majina yao. Watoto wengine walikuwa na mama, shangazi au jirani wa kuwatambulisha. Wavulana hawa wawili walikuwa na umri wa miaka mitatu na miwili, walizungumza Kifaransa tu, na orodha ya meli iliwaita watoto wa Hoffman. Duniani hakukuwa na Hoffman wa kuwatafuta. Ndugu zao waliowatafuta hawakujua watazame wapi, maana jina Navratil halikuwamo kabisa kwenye orodha ya abiria.

Baba alificha watoto ili mama asiwapate. Alipoondoka yeye, maficho yakabaki.

Mwanamke mmoja kijana wa daraja la kwanza, Margaret Hays, aliyejua Kifaransa, alijitolea kuwachukua nyumbani kwao New York hadi ndugu zao wapatikane. Hakuwa na undugu nao wowote. Aliwavalisha, akacheza nao na kujaribu kuwauliza maswali. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba watoto walipoulizwa walijibu kila kitu kwa neno moja tu, "ndiyo", kwa lugha yao. Ukimuuliza mtoto wa miaka miwili kama anaitwa hivi, atasema ndiyo. Ukimuuliza kama anaitwa vile, atasema ndiyo pia.

Picha zao zikachapishwa. Wakajulikana duniani kama yatima wa Titanic, ingawa yatima kamili hawakuwa. Mama yao alikuwa hai.

Mama avuka bahari

Huko Nice, Marcelle alikuwa amekaa wiki kadhaa bila kujua wanawe wako wapi. Hakuwa na sababu ya kuifikiria Titanic. Kwake ajali ile ilikuwa habari ya watu wengine, mpaka habari za wavulana wawili wa Kifaransa wasiojulikana zilipofika kwenye magazeti ya Ulaya. Alitoa maelezo ya watoto wake, yakalinganishwa, yakakubaliana.

Kampuni ya White Star ikampa tiketi ya kwenda New York. Alisafiri kupita bahari ileile iliyomchukua mumewe, na tarehe 16 Mei 1912 akakutana na wanawe. Ulikuwa umepita mwezi mmoja na siku moja tangu Titanic izame, na zaidi ya wiki tano tangu awaone kwa mara ya mwisho. Mtu mzima anaweza kuziita wiki tano muda mfupi. Kwa mtoto wa miaka miwili ni muda mrefu sana, na kwa mama asiyejua kama mwanawe amekula, hauna kipimo.

Wakarudi Ufaransa wote watatu ndani ya Oceanic, meli nyingine ya kampuni ileile.

Mwili wa baba ulikuwa umeopolewa baharini na kupelekwa Halifax, Kanada. Mfukoni alikutwa na bastola. Kwa kuwa alijulikana kama Hoffman, alidhaniwa kuwa Myahudi, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Baron de Hirsch. Hata maziko yake yalifuata jina alilolichagua kwa ajili ya kujificha.

Kilichobaki kwa watoto

Edmond, yule Momon, alikuja kufanya kazi ya kupamba nyumba, kisha usanifu na ujenzi. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipigana upande wa Ufaransa, akatekwa, akatoroka, lakini afya yake iliathirika. Alifariki dunia mwaka 1953 akiwa na miaka 43.

Lolo akawa profesa wa falsafa. Aliona maisha yake yote baada ya usiku ule kama kitu cha ziada alichopewa. Binti yake Élisabeth aliandika kitabu kuhusu yaliyowapata baba yake, baba yake mdogo na babu yake.

Mwaka 1996 Lolo alisafiri kwa meli hadi eneo Titanic ilipozama, kisha akafika Halifax na kusimama kwenye kaburi la baba yake kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa na miaka 88. Baba aliyelala pale alikufa akiwa na miaka 31. Miaka 84 ilikuwa imepita.

Alifariki Januari 30, 2001, akiwa mwanamume wa mwisho kati ya waliopona ajali ile.

Katika yote aliyoyasimulia, profesa huyo hakutumia muda mwingi kueleza nani kati ya wazazi wake alikuwa na haki. Alichobaki nacho ni mayai mezani, koti la joto, mikono iliyombeba na maneno ya kumpelekea mama. Wazazi waliogombana walidhani mgogoro wao ndio habari kuu. Mtoto alichukua vitu vingine kabisa.

Kwa wazazi wanaotengana

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo imerudiwa sana mpaka imezoeleka, lakini kisa hiki kinaonyesha jinsi nyasi zinavyoumia hata pale fahali mmoja anapoamini anazilinda.

Jambo la kwanza ni kwamba mzazi mwenzako ana haki ya kujua mtoto yuko wapi, hata kama hamsalimiani. Ugomvi wa ndoa unaweza kusubiri mahakama, baraza la usuluhishi, viongozi wa dini au wazee. Habari ya mahali alipo mtoto haiwezi kusubiri. Safari huwa na ajali, magonjwa na kuchelewa. Yakitokea, mtu wa kwanza kumtambua mtoto ni yule uliyemficha. Siku hizi nchi nyingi hutaka pasipoti ya mtoto mwenyewe na idhini ya mzazi asiyesafiri naye. Usumbufu huo wa makaratasi umewekwa kwa ajili ya watoto kama Lolo na Momon.

La pili, usimwambie mtoto au watu kwamba mzazi mwenzako amekufa wakati yu hai. Baadhi ya wazazi husema hivyo wakidhani wanamwepusha mtoto na maumivu, wengine husema kwa hasira. Uongo huo hukata uzi ambao mtoto anaweza kuuhitaji kesho. Abiria walioambiwa kwamba mama wa watoto amefariki hawakuwa na sababu ya kusaidia kumtafuta.

La tatu ni dogo na linaweza kufanywa leo jioni. Mfundishe mtoto jina lake kamili, jina la baba, jina la mama na mahali anapoishi. Watoto wengi wa miaka mitatu wanamjua mama kwa jina la "mama" tu, na wao wenyewe kwa jina la utani la nyumbani. Jina la utani halitamsaidia polisi au msamaria mwema kumrudisha. Mfanyie kama mchezo, muimbie, mrudishe tena na tena. Kwa mdogo zaidi asiyeweza kusema, andika majina na namba za simu za wazazi wote wawili kwenye karatasi na uiweke mfukoni mwake mnaposafiri. Wote wawili, hata kama mmetengana.

La nne linahusu safari yenyewe. Baada ya Titanic, mataifa yalikutana London na mwaka 1914 wakaandika mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, uliotaka boti za kutosha watu wote. Meli za leo zina sheria kali zaidi. Bado, mzazi anayepanda chombo chochote cha majini na mtoto afanye mambo mawili kabla ya kutafuta kiti kizuri: ajue jaketi za kuokolea za ukubwa wa mtoto ziko wapi, na ajue mlango wa kutokea uko upande gani.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote. Ujumbe alioutoa Navratil kwa mkewe, kwamba alimpenda na bado anampenda, ulikuwa umekaa ndani yake katika siku zote za hasira, tuhuma na mipango ya kutoroka. Hakuusema alipokuwa na nafasi. Wapo wanandoa waliotengana wenye ujumbe kama huo, au mdogo kuliko huo: nisamehe, nilikosea, asante kwa kumlea mtoto vizuri. Ujumbe wa namna hiyo haurudishi ndoa iliyokufa, na hakuna anayelazimika kurudi kwa sababu ya maneno matamu. Lakini unaweza kuwafanya watu wawili wakae meza moja wapange ada ya shule, likizo na nani anamchukua mtoto Ijumaa.

Ukiwa nao, upeleke mwenyewe. Usimbebeshe mtoto.